Shangazi, benki mpya inatupunguzia rejesho na kutupa milioni 30 juu, mbona mkono unakataa kusaini?

Shangazi habari ya huko,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kira, kazi yangu ni nesi kwenye hospitali moja ya binafsi hapa Kampala. Mzee wangu kwao Arua, mimi kwetu Busia, Kiswahili ndo lugha ya nyumbani tangu tuoane, na mzee ana duka la spea soko la Kisekka. Naomba usitaje chochote cha kutufanya tujulikane.

Miaka minne iliyopita tulichukua mkopo wa nyumba milioni 160, riba asilimia 18, miaka 15. Kila mwezi tunalipa 2,577,000. Kutoka mshahara wangu inatoka milioni 1 na laki mbili, inayobaki mzee anaweka. Hatujawahi kuacha mwezi hata mmoja ila miezi ya skul fizi, Februari na Mei na Septemba, tunachelewa na wanatukata penalti.

Sasa mwezi uliopita nilienda benki nikaomba stetimenti. Shangazi, nilisoma ile karatasi nikiwa kwenye taksi nikahisi jasho. Tumeshalipa zaidi ya milioni 123, alafu salio linasema bado tunadaiwa milioni 147 na laki saba. Yaani katika hiyo milioni 123 deni limeshuka milioni 12 tu!! Nyingine imeenda wapi? Nilipomwonyesha mzee akasema ndo maana anataka tutoke hapo.

Kumbe kuna afisa wa mikopo wa benki nyingine ni kastama wake pale dukani. Huyo afisa anasema watanunua deni letu kwa asilimia 16, watuongezee milioni 30 juu, mkopo uwe milioni 177 na laki saba kwa miaka 20, na rejesho litakuwa 2,472,000. Yaani tunapata pesa mkononi na bado kila mwezi tunalipa laki moja na kidogo chini ya saa hii. Gharama za kuhama zote, mawakili, mthamini, ada ya benki yao na faini ya kutoka benki ya kwanza, ni kama milioni 8 na itakatwa kwenye hiyo 30. Mzee anataka kununua Canter ya kubebea mizigo ya watu mpaka Arua, anasema atajazia na pesa ya duka. Shemeji naye anasema sisi ni wajinga, tuchukue mkopo wa dola, riba ni asilimia 9.

Kyapa, yaani hati ya ardhi, iko kwa jina la mzee lakini mara ya kwanza mimi nilisaini kukubali, na safari hii pia wanataka nisaini. Afisa anasema ofa inaisha mwisho wa mwezi. Nilipomwambia mzee anipe muda nifikirie aliniuliza, "Kwani wewe huniamini?" Tangu siku hiyo anakula anaamka anaenda zake kulala, haongei. Mimi nina 38 yeye ana 47. Nina akiba SACCO ya manesi, naweka laki mbili kila mwezi, na hiyo mzee anaijua.

Sitaki kuvunja nyumba kwa sababu ya nyumba. Lakini nikishika kalamu moyo unakataa na siwezi kumweleza ni kwa nini. Nisaini ama nikatae? Na ile benki ya kwanza ilituibia?

Mama Watatu, Kira

---

Mama Watatu mwanangu,

Pole sana. Barua yako nimeisoma pole pole maana imebeba mambo mawili yaliyoshikana, la hesabu na la chumbani kwenu, na naona lile la chumbani limeziba lile la hesabu. Mzee amekuuliza kama unamwamini, ukaanza kuhangaika na swali hilo, wakati swali lililo mezani ni la benki: huu mkopo mpya unatugharimu nini mpaka siku ya mwisho? Unaweza kumwamini mumeo kwa roho yako yote na bado ukataka jibu la hilo. Kwa hiyo nitaanza na hesabu, alafu turudi kwa mzee.

Ulivyoniandikia, sioni wizi. Najua inauma kusikia hivyo. Mkopo wa nyumba wa aina yenu unakokotolewa kwenye salio, kila mwezi benki inachukua riba ya salio lililopo kwanza, kinachobaki kwenye rejesho ndo kinapunguza deni lenyewe. Mwezi wa kwanza mlidaiwa milioni 160, asilimia 18 kwa mwaka ni asilimia moja na nusu kwa mwezi, hiyo ni 2,400,000 ya riba peke yake. Mkalipa 2,577,000, kwa hiyo kilichogusa deni ni kama 177,000. Ndo maana miaka minne yote imeonekana kama mmetwanga maji kwenye kinu. Lakini angalia mlipofika: mwezi huu katika rejesho lile lile kama 361,000 inaenda kwenye deni, mara mbili ya mwanzo, na itaendelea kukua kila mwezi. Ile sehemu chungu zaidi ya mkopo mmeshaanza kuipita. Penalti za kuchelewa ni jambo lingine, hizo kaa na stetimenti uzijumlishe uone zimekula ngapi, na kama kuna moja huielewi uliza kwa maandishi.

Sasa ile ofa. Afisa amewaonyesha namba moja tu, rejesho la mwezi, na kweli limeshuka laki moja na elfu tano. Mimi naomba uweke na namba nyingine kando yake. Mkibaki mlipo mmebakiza miezi 132, mara 2,577,000, jumla kama milioni 340. Mkihama kama alivyosema, ni miezi 240 mara 2,472,000, jumla kama milioni 593. Tofauti ni milioni 253. Na kilichoingia mkononi baada ya kukatwa gharama si 30, ni 22. Alafu ile safari ya riba inaanza upya: mwezi wa kwanza wa mkopo mpya riba itakuwa karibu 2,369,000 na kitakachopunguza deni ni kama 103,000, chini hata ya ile mliyoanza nayo miaka minne iliyopita. Mzee atamaliza kulipa akiwa na 67. Nadhani hicho ndo moyo wako ulikuwa unakwambia ukashindwa kukipa jina.

Sisemi hivyo kumchafua huyo afisa. Asilimia 16 badala ya 18 ni punguzo la kweli, tatizo lipo kwenye ile miaka 9 iliyoongezwa na ile milioni 30 iliyopandishwa juu. Na nisiwe mkali sana kwa wanaorefusha mkopo, maana kuna watu rejesho limewashika shingo, wakirefusha wanapata kupumua na nyumba haiuzwi, na shilingi ya miaka 20 mbele haitakuwa na nguvu ya shilingi ya leo. Kwa hiyo jiulize kwa ukweli, nyinyi mnazama ama mnachoka? Barua yako inaniambia mnalipa kila mwezi ila miezi mitatu ya fizi inawabana. Hilo ni tatizo la miezi mitatu, na linaweza kuwa na dawa yake bila kugusa miaka 20.

Tuseme sasa mnataka ile 16 peke yake, bila kuongeza pesa na bila kuongeza miaka. Milioni 147 na laki saba kwa miaka 11 iliyobaki, rejesho linakuwa kama 2,384,000, mnaokoa 192,000 kwa mwezi, jumla kama milioni 25. Toa ile milioni 8 ya kuhama. Mkiilipa kutoka mfukoni itachukua miezi kama 42 kabla akiba haijafuta gharama, miaka mitatu na nusu, kwa hiyo kama mna mpango wa kuuza hiyo nyumba kabla ya hapo kuhama ni hasara. Mkiipandisha kwenye mkopo rejesho linakuwa kama 2,513,000 na ile akiba ya mwezi inabaki kama 63,000 tu. Lakini mkiilipa wenyewe, mkahama, na bado mkaendelea kulipa ile 2,577,000 mliyoizoea, mkopo unaisha kwa miezi kama 109, karibu miaka miwili mapema, na hata ukijumlisha ile milioni 8 mnabaki na akiba ya kama milioni 50. Unaona benki ni ile ile na riba ni ile ile, ila majibu yako mbali sana. Na msisahau bima ya maisha ya mkopo, ile inayolipa deni mkopaji akifa, mkihama ya zamani inakufa na mpya inahesabiwa kwa umri wa sasa, 47 si 43, ulizia kama iko ndani ya ile milioni 8. Ushuru wa stempu pia ulizia ukoje mwaka huu, maana sheria za kodi zinaguswa kila mwaka wa fedha unapoanza Julai.

Alafu kuna mlango ambao sijaona kwenye barua yako kama mmewahi kuugonga, benki yenu wenyewe. Soma mkataba, riba yenu ni ya kudumu ama imefungwa kwenye riba ya msingi ya benki inayopanda na kushuka? Hii ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Bank of Uganda, benki kuu, ina kiwango chake cha riba, CBR, ambacho mabenki yanakitazama wakipanga riba zao. Mwaka 2022 kilitoka 6.5 kikapanda mpaka 10 kabla mwaka haujaisha, 2024 kilifika 10.25, Oktoba mwaka huo kikateremka mpaka 9.75. Na kuna wanaokumbuka 2011, kilianza Julai kwenye 13 na Novemba kilikuwa 23, watu waliokuwa na mikopo ya kupanda na kushuka waliona moto. Kwa hiyo uliza vitu viwili: yenu ya 18 kwa nini iko palepale, na ile 16 mnayoahidiwa ni 16 ya miaka yote ama ni 16 ya mwaka wa kwanza. Nendeni na barua ya ofa ya benki nyingine mkononi, muombe benki yenu iwashushie. Mteja aliyelipa miaka minne hakuacha mwezi hawataki kumpoteza. Wakikataa hamjapoteza kitu, wakikubali hata 16 na nusu bila gharama ya kuhama huenda ikawa bora kuliko 16 yenye milioni 8 mgongoni.

Na ile laki mbili yako ya SACCO. Ukiiongeza kwenye rejesho la sasa kila mwezi, hapo hapo mlipo kwa asilimia 18, bila kuhama popote, mkopo unaisha kwa miezi kama 107 badala ya 132 na mnaokoa kama milioni 42. Mimi mwenyewe nilirudia hiyo hesabu maana niliona kubwa! Ila iandikwe kwa barua kwamba pesa hiyo inapunguza deni lenyewe, kuna benki zinaiweka tu kama malipo ya mwezi ujao, na uliza kama kulipa zaidi kuna ada. Hatari yake unaijua: SACCO ndo mto wako wa usiku, mtoto akiugua ama duka likilegea pesa iliyoingia kwenye mkopo hairudi. Wengine wanagawa, laki moja kwenye deni, laki moja inabaki SACCO kwa ajili ya ile miezi ya fizi ili penalti ikome. Wewe ndo unajua usingizi wako unataka nini.

Ya dola nitaisema haraka. Wewe unalipwa shilingi, na wateja wa Kisekka nadhani wanalipa shilingi. Mwaka 2015 dola ilianza mwaka kwenye 2,800 hivi, ikifika Septemba ilikuwa imepita 3,600. Aliyekuwa analipa dola 600 kwa mwezi alitoka 1,680,000 akajikuta kwenye 2,160,000 bila kukopa kitu kipya. Ile asilimia 9 ni nzuri kwa mtu anayelipwa dola. Shemeji ana nia njema lakini si yeye atakayetafuta tofauti hiyo.

Sasa Canter, na hapa ndo narudi kwa mzee. Umeandika kana kwamba anakimbilia pesa. Umewahi kumuuliza duka linaendaje? Mwanaume wa miaka 47 aliyekaa Kisekka miaka yote hiyo, anapoanza kutafuta biashara nyingine kwa nguvu namna hii, pengine ameona fursa ya kweli, ana wateja wa Arua wanaolia usafiri. Pengine pia duka linadorora na hajui aanzie wapi kukwambia. Sijui ni ipi, na wewe kutoka kwenye barua hujui pia. Hizo habari mbili zinahitaji majibu tofauti kabisa. Kama wateja wapo kweli, kuna mikopo ambayo gari lenyewe ndo dhamana, ya miaka mitatu ama minne. Riba inaweza kuwa juu na rejesho litakuwa zito, lakini gari linajilipa likiwa bado zima, na biashara ikigoma kinachochukuliwa ni gari. Ukiiweka Canter kwenye mkopo wa nyumba wa miaka 20 utakuwa bado unailipia wakati imeshauzwa chuma chakavu, na ikigoma kinachosimama mbele ya benki ni mahali watoto wanapolala. Mnaweza pia kuamua kusubiri mwaka mmoja. Zote zina gharama, hata kusubiri kuna gharama kama hao wateja watapata mtu mwingine.

Kuhusu sahihi yako, hiyo benki haikuombi kwa adabu tu. Sheria ya rehani ya 2009 inasema nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mke ama mume, na inataka mwenye kuridhia awe ameelewa anachokubali. Ni haki yako kukaa na wakili wako, asiye wa benki wala wa mzee, akusomee kabla. Na ujue upande wa pili: mkishindwa kulipa benki inatakiwa iwape notisi ya siku 45 za kazi kurekebisha, alafu notisi nyingine ya siku 21 za kazi kabla ya kuuza. Nyumba haichukuliwi usiku mmoja, lakini inachukuliwa. Kuchukua muda wa kuelewa si kumkataa mumeo, sheria yenyewe imekupa huo muda.

Lakini usiende kwake na sheria mkononi, mwanangu, hapo mtagombana. Tafuta jioni ambayo hajachoka, watoto wamelala, chukua stetimenti na kalamu, mwambie kitu kama, "Baba, nataka tutoke kwenye hili deni kama unavyotaka wewe, kaa hapa tulihesabu wote, alafu nieleze hiyo Canter vizuri, itabeba nini na kwa nani." Mpe nafasi aeleze kabla hujamtajia milioni 593. Akiiona mwenyewe kwa kalamu yake haitakuwa wewe unayempinga. Inawezekana akakasirika bado. Inawezekana pia akakuambia jambo alilokuwa amelibeba peke yake, na hapo usikilize tu kwanza. Kama mkishindwa kuelewana, mtafuteni mtu mmoja mnayemheshimu wote, mzee wa kwao ama wa kwenu, mradi asiwe yule shemeji wa dola maana ameshachagua upande.

Ile "ofa inaisha mwisho wa mwezi" isikutoe roho. Miongozo ya Bank of Uganda ya 2011 ya kumlinda mteja inakupa haki ya kuelezwa riba, ada na masharti yote kabla hujasaini, kwa hiyo muombeni afisa maandishi: riba ni ya kudumu ama ya kubadilika na inabadilika kwa kufuata nini, kila ada na kiasi chake, jumla mtakayokuwa mmelipa mpaka mwisho, faini ya kulipa mapema, na akuwekee ofa mbili kando kando, ya miaka 20 yenye milioni 30 na ya miaka 11 bila kuongeza hata shilingi. Kwa benki yenu ya sasa ombeni barua ya kiasi cha kumaliza deni na faini yake ya kutoka. Penalti usizozielewa anzia hapo hapo kwenye benki, wakikuzungusha bila jibu ndo uandikie Bank of Uganda.

Ukishapata hizo karatasi mbili, na ukishaongea na mzee kuhusu duka, niandikie tena hata kama mmeshaamua. Nitapenda kujua alisema nini kuhusu hao wateja wa Arua.

Shangazi